Tangazo la Lyuben

“Umeliandika wewe.”

“Sijaliandika, shangazi.”

“Basi nani? Paka?”

Ralitsa alimgeuzia shangazi yake skrini. Kwenye kompyuta kulikuwa na tangazo la kifo cha Lyuben, mume wa shangazi Penka, na Lyuben alikuwa akitembea ghorofani, juu ya duka lao la uchapaji mjini Gabrovo.

Kila asubuhi Ralitsa aliandika mstari mmoja wa alama za kutafutia. Haukutaja mtu. Ulieleza umbo tu: majina mawili yenye herufi kubwa, koma, tarakimu mbili za umri, kisha tarehe ya siku arobaini zilizopita. Kompyuta ilipekua matangazo yote na kutoa kila lililofanana na umbo hilo, ili familia zichapiwe tangazo la arobaini la kubandika mlangoni, siku ambayo roho huondoka nyumbani.

Leo yalitoka kumi na manne. Waliozikwa walikuwa kumi na watatu.

Alilifuta. Akatafuta tena. Likatokea. Akauongezea mstari masharti, jina la kanisa, jina la mjane, mpaka mengine yote yakaanguka na likabaki hilo moja, na kila alipobonyeza kitufe nyayo za ghorofani zilisimama, kisha zikaendelea, na harufu ya ngano ya kuchemsha, ile ya matanga, ikashuka ngazi polepole ingawa jikoni hapakuwa na moto.

“Tarehe tatu Machi,” Ralitsa alinong’ona. “Si ndiyo siku aliyotoka hospitali?”

“Ndiyo.”

“Anakula, shangazi?”

“Sahani inarudi kama ilivyokwenda.” Penka alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. “Nilijua tangu usiku wa kwanza. Miguu yake haipati joto. Nikasema, bora huyu kuliko kitanda kitupu.”

“Na leo ikipita?”

“Asipotangazwa leo, haondoki tena. Chapa.”

Alisema kama mtu anayeagiza mkate. Ralitsa akachapa. Penka akapaka gundi, akatoka, akalibandika nje ya mlango, akalilainisha kwa kiganja mpaka pembe zikalala, na alipogeuka nyayo zilikuwa zimekwisha kushuka ngazi na kupita kando ya Ralitsa, ambaye hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta, na Lyuben alikuwa amesimama kizingitini na koti lake, ametulia, anasoma.

“Mbona mmeandika jina langu peke yake, Penka, bila lako?”