Kiti cha Kushoto

Nilikwenda Kibingo kuchukua gari, sikwenda kutafuta ndugu. Nalisema hili mapema, asije mtu akasema mzee Muzamil alijitakia.

Nilikuwa na gari kubwa la viti saba, watu wa Kayanga walilijua kwa honi tu. Enzi hizo lilikuwa na kazi. Mke wangu Najat alikaa mbele, binti yetu Mwanahalima nyuma na binamu zake, na nyuma kabisa mizigo ya duka. Kisha Mwanahalima akaolewa Tanga, kwenye asili ya babu yangu. Mwaka jana Najat akafariki. Nikabaki kuendesha viti sita vitupu kutoka nyumbani hadi dukani, na gari linakunywa mafuta kama liko arusini. Kila nikitazama kioo naviona. Nimelia sana mle ndani, sioni sababu ya kuficha.

"Mzee wangu, ziko gari za kuonyesha watu na ziko gari za kukufikisha," fundi wangu Saleh aliniambia. "Wewe sasa unataka ya kukufikisha."

Ni yeye aliyenipatia kigari cheupe cha mjane mmoja wa Kibingo, kule Kyerwa. Injini ndogo, mafuta kinanusa tu, vipuri kila duka. Nikauza lile kubwa bila kugeuka nyuma.

Mjane aliitwa Kokubanza. Mama mfupi, mchache wa maneno. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, Kahigi. Nilifika jua limeshainama, nikalizunguka kama mnunuzi anayejua, nikafungua boneti. Bati likanichana kidole gumba. Nikakinyonya, nikasahau.

"Lina tatizo gani, mama?"

"Halina. Halijawahi kuharibika njiani. Popote lilipokwenda, lilifika."

Alilisema kwa uchungu, nikadhani anamkumbuka mumewe. Kisha akaingia shambani, akarudi na mkungu wa ndizi, akauweka kiti cha mbele kushoto. Akaufunga mkanda.

"Jioni usitembee na kiti hiki kitupu, waitu. Weka chochote. Hata jiwe."

"Kwa nini?"

"Wewe weka tu."

Nikacheka kimoyomoyo. Cha rahisi hakikosi ila, na kama ila yenyewe ni kubeba ndizi, basi nimepata.

Niliondoka nikiwa na raha, wallahi. Kigari chepesi, usukani wa kidole kimoja. Viti vya nyuma viko karibu, ukinyoosha mkono unavigusa, havikukodolei macho. Nilihisi nimeitua nyumba nzima niliyokuwa naivuta.

Kisha nikaona utomvu.

Ulikuwa unachuruzika kutoka kwenye shina la ule mkungu, tone kwa tone, juu ya kitambaa cha kiti. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa. Utomvu wa ndizi ukikauka kwenye nguo, nguo hiyo ni ya shamba mpaka ichakae. Na mimi ni mfanyabiashara, siwezi kutazama mali ikiharibika. Nikasimama kando ya barabara, nikautoa mkungu, nikauweka kwenye buti.

Nilipofunga buti, kukawa kimya.

Migomba kushoto, mibuni kulia. Hakuna jani lililotikisika. Ikaja harufu... kahawa iliyochemshwa na majani, ile kavu ya kutafuna. Nzito, ya karibu, kama mtu amenipumulia usoni.

Mzee alikuwa amesimama kwenye mlango wa kushoto, mkono juu ya kitasa.

"Shikamoo, mzee," nilisema, maana alikuwa mzee kunizidi.

Hakuitikia marahaba.

"Nimesubiri," alisema.

Alikuwa mrefu, amevaa koti la zamani lililofungwa hadi kooni. Alikuwa peku. Barabara ile ina vumbi jekundu la kufika kwenye vifundo, lakini miguu yake ilikuwa safi.

"Unaelekea wapi?"

"Huko huko."

Ningeweza kuondoka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuondoka, na jibu naliona aibu. Nilikuwa narudi kwenye nyumba ambayo sufuria ndiyo inayonijibu. Nikacheka, nikasema, "Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikamfungulia mlango mimi mwenyewe.

Njiani aliuliza. Sauti ilikwaruza, ya chini, lakini aliuliza na kusikiliza, na miezi mingi hakuna mtu aliyeniuliza kitu zaidi ya bei ya sukari. Nikamwambia habari za Najat, hospitali, siku ya mwisho. Nikamwambia Mwanahalima yuko Tanga, mtaa gani, nyumba ya geti la rangi gani, na kwamba ana mtoto wa kiume wa miezi mitano, wamempa jina langu.

"Wajina wako," alisema taratibu. "Umemwona?"

"Bado. Wanasema watakuja. Mimi sina ninalolitaka duniani zaidi ya hilo."

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kifuko cha majani makavu ya mgomba. Nimezaliwa Karagwe, najua. Mgeni na mwenyeji hutafuna kahawa pamoja, na ukiikataa umemtukana mwenzako. Ila kwa kawaida mtu hutoa konzi. Huyu alitoa tunda moja.

"Ligawe," alisema. "Nusu yako, nusu yangu."

Nikapunguza mwendo, nikalipasua kwa ukucha wa gumba. Kidonda kikachoma. Nikampa nusu yake, nikatia yangu mdomoni. Ilikuwa na unyevu. Na chumvi. Kwa adabu nikameza.

Alitafuna muda mrefu.

Kch... kch... kch...

"Sasa chako ni changu," alisema.

"Na chako changu, mzee!" nikajibu kwa kicheko. Nilidhani ni utani.

Taa za Omurushaka zilipotokea nikageuka kumuuliza atashuka wapi.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mkanda ulikuwa umefungwa.

*

Tangu hapo alikuja kila jioni. Nikitoka dukani jua likizama, harufu inaingia, kisha mkanda unalia kach, kisha kutafuna. Niliweka jiwe kwenye kiti. Nikalikuta limehamia nyuma. Niliweka mfuko wa sukari. Nao ukahamia nyuma. Nilisoma dua nilizojua. Alinyamaza nisome, nilipomaliza akaendelea kutafuna.

Na niseme ukweli wote. Wiki ya tatu niliacha kuweka jiwe. Nilianza kumsalimu. Nikawa namsimulia wateja wakorofi na mvua isiyonyesha, na kule kutafuna kukawa kama mtu anayeitikia "enhe". Ubaya wa upweke ndio huo, unakufanya umkaribishe hata asiyekuwa na kivuli.

Ijumaa moja niliacha simu ikichaji kwenye gari, nikaingia msikitini kuswali magharibi. Kesho yake Mwanahalima akapiga.

"Shikamoo baba!"

"Marahaba mwanangu."

"Baba, nimefurahi sana. Kumbe umepata mwenzio wa kukaa naye! Jana nimepiga akapokea ndugu yako. Ana sauti ya kukwaruza, lakini mpole. Ameuliza habari za mtoto, ananyonya vizuri, analala upande gani."

Nilishika kaunta ya duka.

"Amenisema, baba. Eti binti gani asiyemletea babu mjukuu? Nikaona haya. Tumeshakata tiketi, tunafika Jumamosi ijayo. Amesema mtanifuata stendi na kigari chenu, ataniachia kiti cha mbele."

*

Alfajiri nilikuwa Kibingo. Kokubanza alikuwa anamenya ndizi uani. Nilipomaliza kueleza, kisu kikasimama.

"Alikupa ngapi?"

"Moja."

"Mkaigawa."

"Tukaigawa."

Alikitazama kidole changu gumba, pale kovu lilipo.

"Huo ni omukago, baba. Undugu wa damu. Wazee walikuwa wanachanja, wanapaka damu kwenye kahawa, huyu anakula ya yule. Ukishakula, mwenzako humnyimi nyumba. Humnyimi chakula. Humnyimi mtoto."

"Yeye ni nani?"

"Kahigi alimpa lifti siku ya mvua. Zaidi ya hapo hata Kahigi hakujua."

Hasira ikanipanda. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenunua?"

Nikasema nitalirudisha gari, akae nalo bure.

"Lirudishe," alisema. "Ulichomeza utakirudishaje?"

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na picha ya msichana wa sare za shule. Aliona ninavyoitazama.

"Deodatha wetu. Alikaa mbele mara moja tu."

"Walipata ajali?"

"Nilikwambia gari hilo halina tatizo. Lilifika." Akachukua ndizi nyingine. "Lilifika bila yeye."

*

Jioni ile sikwenda kwenye gari. Nililiacha uani, nikajifungia chumbani, nikampigia Mwanahalima. Mke wangu alikuwa akisema mimi sijui kudanganya. Siku hiyo nilijua.

"Msije," nilisema.

"Baba? Tumeshakata—"

"Msije. Nimeoa."

Nikasikia mtoto akigugumia karibu na simu. Wajina wangu. Mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Umeoa lini, baba? Mama hajamaliza hata mwaka."

"Mama yako alinichosha miaka thelathini. Sasa nina nyumba yangu na mke wangu, na hatutaki wageni."

"Mimi ni mgeni?"

Nilijiuma mkono nisijibu kama baba. "Usinipigie tena," nilisema. Nikakata.

Najat, nisamehe. Sikuwa na ufunguo mwingine wa kuufunga mlango ule. Nililia mpaka kanzu ikalowa, lakini nilikuwa na amani ndogo moyoni. Hatakuja. Hatakaa kwenye kile kiti. Nitakufa peke yangu na yeye atazeeka akinichukia, na mtoto atakua.

Ndipo harufu ikaingia chumbani.

Haikuwahi kuingia ndani ya nyumba.

Kch... kch...

Gizani, upande wa kitanda aliokuwa analala mke wangu.

"Usilie, ndugu yangu," sauti ilinong'ona. "Kama hawaji, wanafuatwa. Tanga si mbali. Na gari zima lipo."

Nilipopata nguvu ya kuwasha taa, hapakuwa na mtu. Ufunguo wa gari ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake. Niliuchukua, nikaushika kifuani, nikakaa nao hadi adhana ya alfajiri.

Uani hapakuwa na gari.

Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, na kufuli langu. Juu ya ardhi ilipokuwa tairi ya mbele kushoto kulikuwa na ganda la kahawa, nusu.

Ni siku ya pili sasa. Nampigia Mwanahalima nimwambie asifungue geti, asimpokee mzee yeyote, asitafune chochote. Simu inaita hadi inakata. Nimempigia mumewe, naye hapokei. Nimetuma ujumbe, haujasomwa. Nani atamsoma baba wa namna ile?

Saleh ameketi nami hapa dukani, ananipoza. Anasema nitulie, gari za wizi hupatikana, nyingi huishia kuharibika njiani.

Namtazama tu. Ni yeye aliyenichagulia gari lisiloharibika njiani.