Sauti Nne za Lenox

Mimi si mtu wa kuogopaogopa. Miaka sita nimekaa kwenye kibanda changu pale barabara ya Luthuli, Nairobi, ghorofa ya pili, nikihamisha picha, nyimbo na namba za watu kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Watu huniletea simu zilizotumbukia chooni, nami huzishika bila glavu na kuendelea kunywa chai. Kwa hivyo nikikwambia kuna kitu cha ukubwa wa kiberiti ambacho siwezi kukihamisha, usidhani natania.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa nne asubuhi. Peres alikuja kibandani akiwa ameomba ruhusa kazini kwake Kileleshwa, ambako hufua na kupikia familia moja. Sisi humwita Mama Lenox. Tunakaa ploti moja ya vyumba vya kupanga huko mtaa wa Satellite, mlango wake unatazamana na wangu. Aliweka juu ya kaunta leso iliyofungwa fundo, akaifungua polepole. Ndani mlikuwa na MP3 ya marehemu mwanawe, kile kidude cha kurekodi na kusikiliza nyimbo.

Lenox alikuwa mwalimu wa kwaya yetu ya kanisani. Alifariki mwezi wa tatu kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka ishirini na sita. Katika kwaya yetu hakuna anayesoma noti, kwa hivyo alikuwa anaimba kila sauti peke yake, soprano, alto, teno na besi, anajirekodi kwenye hiyo MP3, kisha sisi tunanakili na kufanya mazoezi tukiosha vyombo. Jino lake la mbele lilikuwa limevunjika, basi kila neno lenye "s" lilitoka na kimluzi. Na kila rekodi ilimalizika namna moja. Anakohoa kidogo, halafu anasema, "Haya, tena kutoka mwanzo."

Wimbo wake wa mwisho alikuwa hajatupa. Ulikuwa humo tu.

"Caren, niwekee hizo sauti kwa simu yangu," Peres alisema. "Hii kitu imeanza kuzimazima. Na makumbusho yake ni Agosti, nataka kwaya iimbe hiyo."

"Pita saa kumi, Mama Lenox. Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Dakika tano. Bado najisikia nikisema hivyo.

Niliichomeka nikiwa nabishana kwenye simu na mteja mmoja kuhusu kioo chake. Kompyuta ikauliza kama nataka kufomati, yaani kufuta kila kilichomo. Swali hilo huliona mara ishirini kwa siku, na mara kumi na tisa jibu huwa ni ndiyo. Nikabonyeza ndiyo, macho yakiwa pengine. Hata hapo ningeweza kuziokoa faili zile. Lakini mkono ulishazoea: kifaa kikifomatiwa, nakijaza nyimbo nione kama kinafanya kazi. Nikakijaza hadi pomoni. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua ukiandika juu ya kilichofutwa umekizika kabisa.

Nilipokata simu ndipo nikaona nilichofanya. Nilijaribu kila programu ninayoijua. Sikupata hata kikohozi. Nikakaa nikiitazama ile leso, na badala ya kumpigia Peres nimwambie ukweli, nilisema neno moja kwa sauti, peke yangu, feni ikizunguka.

"Hatajua."

Kwenye kwaya kuna Clifford, mwimbaji wa teno, karani katika ofisi moja Westlands. Yeye ndiye aliyekuwa akimsikia Lenox akiutunga wimbo ule, maana walikuwa wakienda kazini pamoja. Tena alikuwa anajua kumwigiza Lenox mpaka tunashika mbavu. Nilimwita akaja saa ya chakula. Nilipomweleza, hakukaa.

"Hii si poa, Caren. Mtu amelala."

"Ni mamake atakuja hapa saa kumi. Wewe ungemwambia nini?"

Alinitazama sana. Mwishowe akaimba. Aliimba sauti zote nne akiwa ameinamia simu yangu, kitambaa mdomoni ili isikike ya zamani, na mwisho wa kila moja akakohoa na kusema yale maneno. Hakuna aliyecheka. Nikahamisha faili nne kwenye simu ya Peres, nikabaki na nakala kwenye kompyuta. Peres alisikiliza akiwa amesimama, ameshika ukingo wa kaunta.

"Ana mafua kidogo," alisema.

"Ni mashine, Mama Lenox. Imezeeka."

Aliniachia ile MP3 kama kumbukumbu. Alinishukuru, na shukrani ile ilinichoma kuliko tusi lolote. Nikaitupa MP3 kwenye droo.

Ijumaa, Clifford akapoteza sauti. Haikuwa ya kukwaruza. Haikuwepo kabisa. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni safi. Akawa anaongea nasi kwa kuandika kwenye simu.

Jumapili asubuhi nilimkuta Peres kwenye mfereji akijaza mtungi, simu ikiimba kwenye mfuko wa aproni.

"Lenox amepona mafua," aliniambia. "Sikia."

Nikasikia. Ilikuwa ile teno niliyoirekodi mwenyewe, lakini kila "s" ilitoka na kimluzi. Clifford ana meno yote thelathini na mawili.

Jumatatu nilifika kibandani kabla ya majirani, nikafungua nakala zangu. Ukubwa uleule. Tarehe ileile, saa ileile ya chakula. Ila mwimbaji alikuwa Lenox. Alimaliza besi, akakohoa, akasema, "Haya, tena kutoka mwanzo." Kikafuata kimya. Kwenye kimya kile nikasikia feni. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na kipaza sauti.

"Hatajua."

Neno hilo nililisema saa tano. Clifford alikuja saa saba. Hakuna kilichokuwa kikirekodi.

Clifford akaniandikia siku hiyohiyo: *Futa.*

Nikamjibu: *Nikifuta, mamake atabaki na nini?*

Akaandika: *Na mimi je?*

Sikumjibu. Wiki mbili nzima sikumjibu, na nikimwona kanisani nilikuwa najifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Alikuwa anasimama mstari wa teno, anafungua mdomo pamoja na wengine, na hakitoki kitu. Nilikuwa mwoga. Sina neno lingine.

Jumamosi moja mchana, nikavuka zile hatua tatu kati ya mlango wangu na wa Peres. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye sinia. Nikapiga magoti kwenye simiti na kumwambia yote: fomati, nyimbo nilizojaza juu yake, Clifford, kitambaa. Nililia. Yeye aliendelea kutoa mawe.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa naye siku jino lilivunjika. Nitakosa kujua?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kusikia mtu yeyote akisema hayo maneno." Alitupa jiwe pembeni. "Halafu nikaanza kumwita. Kila asubuhi, kabla niende kazi. Namwambia, Lenox, huyu amekuwekea nafasi. Ingia."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayeita mtoto aje kula.

"Mama Lenox, Clifford haongei."

Mikono yake ikasimama. Nadhani hadi hapo hakuwa amejua. Alinipa simu bila kunitazama.

"Futa wewe. Mimi siwezi kumzika mara ya pili."

Nikafuta soprano. Nikafuta alto. Nikafuta teno. Besi ilikuwa ya mwisho, na nilibonyeza pabaya mara mbili kabla haijafutika. Jioni ile nilirudi mjini nikafuta na zile za kibandani. Lakini kabla sijaondoka pale kwa Peres, simu yangu iliita. Ilikuwa namba ya Clifford. Clifford ambaye hakuwa amepiga simu kwa zaidi ya wiki mbili.

Nilipokea. Nikasikia kikohozi kidogo.

"Caren. Asante sana."

Maneno yote mawili ya shukrani yalitoka na kimluzi.

Peres aliisikia kutoka pale alipokaa. Sinia likaanguka, maharagwe yakatapakaa hadi mlangoni. Alinyoosha mkono kwa simu yangu, uso umefunguka jinsi ambavyo sikuwa nimeuona tangu mwezi wa tatu.

"Baba," alisema, jinsi alivyokuwa akimwita Lenox. "Umekula?"

Agosti tulifanya makumbusho. Clifford ndiye aliyetufundisha wimbo, sauti zote nne, pamoja na ubeti wa tatu ambao hakuuimba siku ile kibandani. Meno yake ni mazima, nimeyachungulia. Hakumbuki kamwe kuja kibandani kwangu. Siku hizi hula kwa Peres kila jioni, na Peres amenenepa, anaimba akifua. Watu wa ploti wanasema Mungu amemfuta machozi. Mimi huingia ndani nikafunga mlango.

Wiki jana nilikuwa natafuta bisibisi kwenye droo, nikakuta ile MP3 imejiwasha. Nyimbo zote nilizoijaza hazikuwemo. Kulikuwa na faili moja tu, haina jina. Nikavaa spika za masikioni. Ilikuwa sauti ya Clifford, Clifford mwenyewe, safi bila kimluzi, ikinong'ona kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Caren, uko hapo? Mwambie mamangu—" Ikazima. Sasa inawaka kwa sekunde chache tu, na kila siku zinapungua.

Leo saa nne, mwanamke mmoja alipanda ngazi akiwa na begi la safari. Alikuwa ametoka Bungoma kwa basi la usiku. Alisema anaitwa Nasimiyu.

"Ni wewe Caren? Mimi ni mamake Clifford. Nikimpigia, kuna kijana mwingine anashika hiyo simu. Ananiita mama, lakini si mtoto wangu. Mtoto nilimzaa, naijua sauti yake." Aliweka mikono juu ya kioo cha kaunta, palepale Peres alipokuwa ameshika. "Watu wa kwaya yake wameniambia wewe hurudisha vitu vya watu. Nisaidie nimsikie tu, hata kidogo."

Nilifungua droo. Nikachukua ile MP3 na kebo. Niliichomeka polepole, simu yangu nikiwa nimeizima, macho yangu kwenye kioo cha kompyuta na si pengine.

Kompyuta ikafikiri kidogo, halafu ikaniuliza kama nataka kufomati.

Mama huyo bado amesimama hapa mbele yangu. Anauliza kama itachukua muda mrefu.