Humu Hatuitani

Monicah alikuwa jirani yetu pale Ukunda, nyumba za nyuma ya kanisa, tukitenganishwa na ukuta mmoja tu. Kwao ni Bungoma. Alikuja pwani akiwa msichana, akasomea Kijerumani Mombasa, kisha akapata kazi ya kutembeza wageni wa hoteli moja ya Diani. Mwenyezi Mungu alikuwa amemjalia sauti. Haikuwa sauti ya makelele. Ilikuwa sauti iliyokwenda mbali bila kuchoka, na ndani ya basi lenye injini kuukuu mgeni wa kiti cha nyuma aliisikia sawasawa na wa mbele. Asubuhi akimwamsha mdogo wake Gillian, sisi majirani nasi tuliamka.

Gillian alitandika vitanda katika hoteli hiyohiyo. Baba yao alikuwa amekufa zamani, mama akabaki kijijini na ng'ombe wake. Dada hao walilala chumba kimoja na kula sahani moja, na ukimkuta mmoja wao barabarani peke yake hukuacha kumuuliza mwenzake yuko wapi.

Mwaka ule wa tisini na nane kazi ilikuwa ya taabu. Vurugu za Likoni za mwaka uliotangulia zilikuwa zimewafukuza wageni, na mvua ya El Nino ikaja kumalizia barabara. Hoteli kadhaa zilikuwa zimefungwa. Kwa hiyo kundi la wastaafu wa Kijerumani lilipofika mwezi wa Agosti, watu wachangamfu wenye kofia za ukindu, hoteli nzima iliwabeba kama mayai. Monicah ndiye aliyepewa kuwatembeza. Meneja alimwambia kwamba wageni hawa wakirudi kwao na furaha, wengine watakuja. Wakirudi wamenuna, basi kila mtu atafute nauli ya kwenda kwao.

Na furaha waliipata. Aliwapeleka Shimba Hills wakamwona palahala, yule swala mkubwa mweusi, amesimama kwenye majani kama sanamu, wakateremka hadi kwenye maporomoko ya maji, wazee wale wakavua viatu wakacheza kama watoto. Kisiwani Wasini walikula kaa kwa mchuzi wa nazi. Wakirudi, pomboo waliandamana na boti yao, na bwana mmoja mnene aitwaye Reinhold, ndiye aliyekuwa mcheshi wa kundi, aliimba mpaka nahodha akacheka.

Matembezi ya mwisho yalikuwa ya mahali papya. Mvua ile ya El Nino ilikuwa imemega ukingo wa mawe ya matumbawe upande wa Kibuyuni, na nyuma yake pakaonekana mlango wa pango ambao hakuna mtu wa pale aliyewahi kuuona. Aliyeugundua ni mchoma chokaa mmoja, Kibwana, aliyekwenda kuokota mawe ya tanuri lake. Wanakijiji walimwachia yeye alilinde.

Walifika asubuhi, jua likiwa zuri na bahari imetulia. Monicah akamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni." Kibwana aliwatazama wageni mmoja mmoja, kisha akamwendea Monicah karibu na kumsemesha kwa sauti ya chini. "Waambie kitu kimoja. Humu hatuitani. Mtu akimtaka mwenzake, amguse bega. Jina la mtu lisitajwe."

Monicah aliuliza kwa nini. Kibwana akasema hajui. Alichokijua ni kwamba siku ya kwanza aliingia akapiga kelele, na kelele zake hazikurudi. Pango tupu, kuta za mawe, na hakuna mwangwi. Tangu hapo alipendelea kukaa nje.

Monicah aliwatafsiria wageni, nao wakafurahi, maana hayo ndiyo mambo waliyoyafuata Afrika. Waliingia wakiinamisha vichwa. Ndani palikuwa pakubwa kuliko mtu angeweza kufikiria, na pakavu, na baridi yake haikuwa baridi ya kivuli. Walizungukazunguka kimya, wakigusana mabega na kucheka kwa pua.

Bwana Reinhold hakuweza kujizuia. Aliweka mikono mdomoni akapiga ukelele mrefu usio na jina la mtu. Ukelele ule ulitoka kinywani mwake ukaishia hapohapo, kama maji yaliyomwagwa kwenye mchanga. Wageni wakaguna. Akajaribu tena. Kisha akamgeukia Monicah, akamsihi ajaribu yeye mwenye sauti ya kengele. Amwite mtu, kama wanavyoitana watu wa kwao kutoka kilima hadi kilima. Wenzake wakaanza kupiga makofi taratibu wakimhimiza.

Monicah alikumbuka maneno ya Kibwana. Alikumbuka na ya meneja. Aliwatazama wazee wale, nyuso zao zimejaa matumaini kama watoto wanaosubiri halua, na akaona ni mchezo tu. Akavuta pumzi. Jina lililokuwa karibu na ulimi wake lilikuwa moja.

"Gillian," aliita. "Gillian, njoo."

Sauti ilikwenda. Wote waliisikia ikienda, ikipita vichwani mwao na kuingia ndani zaidi, mahali ambapo tochi zao hazikufika. Walisubiri irudi.

Haikurudi.

Basini Monicah alijikohoza sana. Alipowaaga wageni hotelini sauti ilikuwa imebaki mikwaruzo. Kesho yake alipofumbua kinywa kumwamsha Gillian, hakikutoka kitu. Hata mnong'ono haukutoka. Alipiga chafya, na chafya yenyewe ilikuwa pumzi tupu.

Daktari alimmulika koo akasema halina kidonda wala uvimbe, apumzike. Alipumzika. Sisi majirani tuliuzoea kwa shida ule ukimya wa asubuhi. Hoteli ilimvumilia kwa muda, kisha ikamwambia kwa upole kwamba mtembeza wageni asiyesema hana kazi ya kufanya. Wakawa wanaishi kwa kazi ya Gillian, na wakisemeshana kwa ishara na kwa chaki ukutani.

Jambo lililofuata lilitokea jioni mapema, watoto wangali wakicheza mpira. Monicah alikuwa amekaa kizingitini anapepeta mchele. Gillian alikuwa bombani akifua. Ghafla Gillian akainua kichwa, akafuta povu mikononi, akaitika, "Nakuja."

Akatembea kuelekea lango la nyuma, lile la upande wa baharini. Alipofika langoni alisimama. Akageuka polepole, akamwona dada yake ameketi kizingitini na ungo magotini.

"Si umeniita?" aliuliza.

Monicah alitikisa kichwa.

"Umeniita sasa hivi. Ulikuwa hapo nje." Gillian alitazama tena nje ya lango. Palikuwa na minazi na mbuzi mmoja amefungwa. "Umeniita kama zamani."

Siku zile za kwanza sauti ilimjia mara chache. Baadaye ikawa kila siku. Ilimkuta akitandika vitanda, ikamkuta kanisani katikati ya maombi. Hakuna mwingine pale kwetu aliyeisikia, wala Monicah mwenyewe. Gillian alitia pamba masikioni, pamba haikusaidia. Mchungaji alimwekea mikono, jirani Mwislamu akamletea maji ya kombe yaliyooshewa aya za Kurani, akayanywa kwa adabu. Alikonda. Kilichomsumbua, alimwambia mama mmoja wa pale ploti, si kwamba sauti ilikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya dada yake, ya upendo uleule, na kila ilipoita alikuwa akijizuia kuitika kama mtu anayejizuia kupumua.

Monicah alirudi kwa Kibwana. Aliandika maneno yake mchangani kwa kijiti. Kibwana aliyasoma, kisha akayafuta kwa mguu.

"Sauti yako iko mle," alimwambia. "Naisikia nikija kuwasha tanuri. Inaita kila asubuhi."

Monicah akaandika: nitaichukuaje?

Kibwana aliyafuta na hayo. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulimwia mzito. "Sijui, binti yangu. Sina dawa, na nisingependa kukudanganya. Mpeleke mdogo wako mbali."

Wakaamua kurudi Bungoma. Walifunga mizigo, wakatuaga majirani, wakatugawia sufuria. Asubuhi ya safari Monicah alikwenda kumkabidhi mwenye nyumba ufunguo, mwendo wa kufumba na kufumbua. Aliporudi, mizigo ilikuwa uani. Gillian hakuwapo.

Alimwona kwa mbali. Alikuwa amefika barabara kuu, anatembea bila haraka, uso wake umeinuka, kama mtu anayemfuata mwenzake aliye hatua chache mbele. Monicah alikimbia. Alifungua kinywa amwite. Mishipa ya shingo ilimsimama, machozi yakamtoka, na watu wa barabarani wakamtazama mwanamke anayekimbia amepanua kinywa kama samaki. Gari la Shimoni likasimama. Gillian akapanda. Likaondoka.

Alipata gari jingine. Njia nzima alibana mikono katikati ya magoti.

Kibwana alikuwa amekaa chini kando ya tanuri.

"Amepita hapa," alinong'ona. "Nimemshika mkono. Nimemshika kwa nguvu zangu zote. Ameutoa kama mtu anavyotoa mkono kwenye maji. Ameniambia, niache, dada ananiita."

Monicah aliingia.

Hakuwa na tochi. Alipapasa ukuta. Baridi ilimpokea. Mbele yake, gizani, kwa mara ya kwanza, aliisikia. Sauti yake mwenyewe. Safi, ya furaha, haina hata mkwaruzo.

"Gillian, njoo."

Na ndani zaidi, karibu sana na ile sauti, mdogo wake akaitika.

"Nimekuja."

Basi.

Hapakuwa na kishindo. Hapakuwa na ukelele. Monicah alikwenda mbele na mikono yake imenyooshwa. Alikwenda mpaka viganja vikagusa jiwe. Alipapasa kulia. Jiwe. Kushoto. Jiwe. Watu wa Kibuyuni walikuja na taa za karabai, wakatafuta mpaka wakachoka. Katika vumbi la sakafu walikuta nyayo za Gillian, pekupeku, zikienda moja kwa moja hadi ukutani. Ya mwisho ilikuwa nusu. Kisigino kilikuwa upande huu. Vidole vilikuwa ndani ya jiwe.

Kibwana na vijana wa kijiji walipanga matumbawe mlangoni wakaziba kwa chokaa yake. Polisi waliandika kwamba msichana amezama baharini. Monicah tukamsindikiza hadi basi la Nairobi, akapanda na mkoba mmoja, mizigo mingine ikabaki kwetu.

Yaliyobaki tuliyapata kwa shemeji yao, mume wa marehemu dada yao mkubwa, aliyekuja Ukunda mwaka uliofuata kuchukua vitu vyao.

Alisema Monicah alikaa na mama yake kijijini, wakilima na kukamua ng'ombe. Mama hakumlaumu. Alizeeka haraka, lakini hakumlaumu. Mpaka asubuhi moja ya kiangazi, wakiwa wamekaa uani wanapukuchua mahindi, mama akaacha kupukuchua. Aliinua kichwa. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu msiba, ukakunjuka wote.

"Gillian amefika," alisema.

Monicah aliangusha gunzi. Alimrukia mama yake akamkumbatia kiunoni, akatikisa kichwa, akamziba masikio kwa mikono yote miwili. Mama aliiondoa mikono ile kwa upole, mmoja baada ya mwingine.

"Husikii anavyoniita?" alinong'ona. Kwao mama huitwa mayi. "Mayi, anasema. Mayi, njoo. Mwanangu, nimengoja sana kusikia neno hilo. Nitakaaje nisiitike?"

Monicah alipiga magoti akamshika miguu. Aliburutwa vumbini. Shemeji aliwakuta hivyo alipotokea kwenye migomba: mama kizee asiyeweza kubeba ndoo ya maji akitembea wima, na mtu mzima amening'inia miguuni mwake. Alikimbia kumsaidia. Akamshika bibi mabegani. Akasema ilikuwa kama kushika nguo iliyoanikwa.

Bibi aliitika. "Nakuja, mwanangu."

Akapita kwenye ukingo wa shamba, akaingia katikati ya mahindi makavu. Mashina hayakutikisika. Walifyeka shamba lote siku ile. Hawakukuta mtu.

Tulimuuliza shemeji, Monicah yuko wapi sasa. Alisema yupo. Anakaa. Akipewa chakula anakula. Hana mtu mwingine wa damu yake aliyebaki duniani wa kuitwa, kwa hiyo labda yamekwisha, au labda sasa mama, Gillian na ile sauti yake, wote watatu wanamwita yeye, naye hana sauti ya kuitika.

Kisha akatuambia jambo jingine, akiwa ameshapakia vitu na dereva anapiga honi. Pale uani, kutoka mahali mama alipokuwa amekaa hadi ukingo wa shamba, ng'ombe hawapiti. Kila wakipelekwa malishoni husimama pale. Hushusha vichwa, wakalamba ardhi, unyayo mmoja, wakasogea, unyayo mwingine, kwa mpangilio kama mtu anavyotembea. Ukiwapiga hawaondoki. Mvua kubwa zimenyesha mara mbili juu ya ile ardhi. Siku moja yeye mwenyewe aliinama, akachovya kidole, akakitia mdomoni.

Ilikuwa chumvi ya bahari. Na ilikuwa bado mbichi.