Benchi la Kwa Shoka

Jumatatu hiyo mafuta yalidondoka kwenye makaa na hayakulia.

Mke wa Shoka ndiye aliyegundua. Alikuwa anakata vitunguu, mgongo umeelekea jiko, na masikio yake, yaliyozoea mchachariko wa nyama kwa miaka sita, yakasikia kimya. Akageuka. Nyama iko juu ya wavu, makaa mekundu, mafuta yanadondoka tone baada ya tone. Sauti hakuna.

"Mkaa wa siku hizi," mumewe alisema, akaendelea kupasua mbavu.

Walimwita Shoka kwa namna alivyokata nyama: pigo moja, mfupa pande mbili. Kibanda chao kilikuwa nyuma ya karakana ya magari, mahali ambapo wageni wenye kamera hawakufika. Wao waliishia barabara kuu, kwenye meza za vitambaa vyeupe. Kwa Shoka walikula mafundi, makarani na wauguzi waliotoka zamu, wote kwenye benchi moja refu, kwa mikono, huku wakitaniana. Ukila hapo mara mbili, mara ya tatu unaulizwa hali ya mama yako.

Mchana huo watu walikula wasishibe. Fundi cherehani, mzee mwembamba ambaye sahani moja humshinda, alimaliza tatu, akaitazama ya nne kama mtu aliyeibiwa. Alisema kwa aibu kwamba nyama inaingia mdomoni lakini haifiki. Wenzake wakacheka. Kisha mmoja akakiri kwamba hata yeye ni hivyo hivyo, na kicheko kikakatika.

Alhamisi mke aliona jambo jingine. Benchi lilijaa, watu wamebanana bega kwa bega, karani mmoja ananing'inia mwishoni. Na katikati, baina ya fundi cherehani na muuguzi, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Akawaomba wasogeleane. Wakasogea wote, kwa adabu, bila kukatiza mazungumzo, na nafasi ikabaki palepale. Alipomuuliza muuguzi kwa nini anaacha pengo, muuguzi aliitazama ile nafasi, akaondoka bila kunawa mikono.

Tangu hapo ikaja harufu. Haikuwa ya nyama wala ya moshi, ilikuwa ya nywele zilizoungua, na ilimfuata mke hadi nyumbani, ikakaa kwenye mto, ikakaa kwenye maji ya kunywa, ikakaa hata kwenye shingo ya mumewe, ambaye alikuwa anakula chakula cha watu watatu na kukonda kila siku mpaka mkanda ukakosa tundu, na ambaye kila alipoambiwa waite mtu wa kuwasaidia alisema majini ni ya watu wasio na kazi, ingawa aliyasema hayo akiwa amesimama mbali na benchi lake mwenyewe, macho yakikwepa pale katikati.

Jumamosi ya wiki iliyofuata mke hakumwomba ruhusa. Alimleta Bi Mkunga, mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa na ambaye, watu walijua, huzungumza na wasioonekana. Ilikuwa adhuhuri. Wateja walikuwa wamekimbia wote isipokuwa fundi cherehani, aliyeketi anatafuna mfupa mtupu.

Bi Mkunga hakuchoma ubani wala hakupiga kelele. Alikaa upande wa pili wa meza, akamuuliza Shoka ni kitu gani alimwaga, na wapi. Shoka akazungukazunguka, mwisho akasema. Ijumaa, kabla ya makaa kunyamaza, alikuwa na haraka. Badala ya kupeleka majivu jalalani, aliyamwaga yakiwa na moto kwenye shimo la zamani nyuma ya kibanda. Alisikia kitu kikilia mle ndani, kama kitoto cha paka. Hakurudi kutazama.

Fundi cherehani akaacha kutafuna. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamke aliyelia mpaka sauti ikakauka.

"Alikuwa amelala."

"Sikumwona," Shoka alinong'ona.

"Hukutazama."

Bi Mkunga akauliza kwa upole, kama anavyowauliza wazazi wenye uchungu, mama mwenzake anataka nini.

"Kanipunguzia mmoja. Nataka mmoja. Wake ana miezi minne."

Shoka hakuelewa, kwa maana hawakuwa na mtoto. Kisha akamgeukia mkewe, akamwona ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umempauka, na jibu likawa hilo.

Shoka alikwenda jikoni, akaingiza mkono wa kulia, mkono wake wa kazi, akatoa kaa kubwa kuliko yote, akalifumbata, akarudi nalo hadi mbele ya ile nafasi tupu huku ngozi ikilia, na mkewe akataka kumrukia lakini Bi Mkunga akamzuia, na Shoka akasimama hapo, meno yameumana, machozi yanatiririka, akisema tena na tena kwa sauti ya chini, "Niliyeunguza ni mimi. Chukua kwangu. Niliyeunguza ni mimi."



"Fungua," sauti ikasema.

Akafungua. Kaa lilikuwa jeusi, baridi kama jiwe la mtoni. Fundi cherehani akalaza kichwa mezani, akaanza kukoroma.

"Ameondoka," Bi Mkunga alisema, akiufunga mkono kwa kanga yake. "Lakini usijidanganye, mwanangu. Hajakusamehe. Amechoka tu."

Njiani Shoka alimuuliza mkewe mbona hakumwambia.

"Wale wawili wa mwanzo tuliwatangaza mapema, na hawakukaa," alijibu. "Huyu nilitaka apite kimya kimya, asisikiwe na yeyote."

Alizaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Vidole vya Shoka havikukunjuka tena, kwa hiyo siku hizi anayekata mbavu ni mkewe, na wateja wanasema ana pigo zuri kuliko la mumewe. Benchi hujaa. Watu hushiba.

Lakini mtoto akilala, hata mchana kweupe, mmoja wao hukaa kando yake macho wazi. Hawajapangiana zamu, wala hawajawahi kulizungumza. Mmoja akisinzia, mwingine anaamka.