Alikuwa Anapita Tu

"Mimi? Siri ikiingia kwangu haitoki hata kwa koleo!" Yasmin alijigamba mbele ya mjomba wake, Kondo, kisha akabeba begi lake kwenda shule.

Siri yenyewe haikuwa ya mchezo. Mama yake alikimbia kutoka kijijini Kinole baada ya kuvunjwa mkono na mumewe, Stambuli, akahamia kwa kaka yake Kondo, Morogoro mjini. Mahakama ikamwamuru Stambuli asimkaribie wala asimtafute kupitia kwa mtu yeyote. Basi nyumbani pale ilikuwa marufuku kutaja mahali mama anapouzia iliki.

Siri ilidumu mpaka kengele ya kutoka shule.

Stambuli alikuwa bandani kwa Jesca, mkaanga chipsi wa nje ya shule. "Njoo, malkia wangu! Kula chipsi mayai."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nataka tu kumwomba mama yako msamaha. Anauzia wapi siku hizi?"

Mafuta yalimtiririka Stambuli kidevuni, akayapangusa kwa mkono uleule uliomvunja mama. Yasmin aliona kinyaa. Lakini sahani ilikuwa inafuka moshi.

"Nyuma ya stendi, kwa mafundi cherehani," alisema, mayai yamejaa mdomoni.

Jioni ile Stambuli alimkwida mama, akamtemea mate usoni, akaanza kumburuta. Mafundi waliacha cherehani zao, wakamdaka na kumfikisha polisi.

Kituoni akageuka malaika. "Afande, nilikuwa napita tu! Kwani kukutana na mke wangu kwa bahati mbaya ni kosa?" Akajilamba midomo. Yasmin, aliyekuja na mama yake, aligeuza uso.

Afande Theresia wa dawati la jinsia alimtazama Yasmin. "Kuna mtu alimwelekeza? Kama hakuna, atashikilia kwamba alikuwa anapita, na kesho yuko tena mtaani."

Stambuli akamkonyeza mwanawe.

"Hakuna," Yasmin alinong'ona. "Sijamwona tangu Kinole."

"Wee mtoto!" Jesca, aliyekuwa amefuata umati, alifoka mlangoni. "Si alikuuliza mbele yangu, na wewe ukamjibu?"

Yasmin akaangua kilio, akasema yote. Kwa ushahidi wao, hakimu alimfunga Stambuli miezi sita jela.

"Kuvunja amri ya mahakama ni kosa la jinai," Afande Theresia alimwambia Yasmin siku ya hukumu. "Hata mtu akija na maneno matamu, jela iko palepale. Uovu ni wake, si wako. Lakini ukificha, unamsaidia yeye. Mtu akikuuliza alipo mama, tuambie siku hiyohiyo."

Mama alimkumbatia. Nje ya mahakama, Yasmin akawakuta wanafunzi wenzake wakimsubiri.

"Mimi niliingia tu kituoni," aliwaambia, kifua mbele, "nikaeleza kila kitu, hata sikuulizwa."

"Eti?" Jesca akadakia nyuma yake. "Hebu rudia, mdogo wangu. Mlangoni alikuwa amesimama nani?"