Kufuli Kwenye Paipu

Jua lilikuwa linaaga Ivyne alipotoka kwenye duka la vifaa River Road, paipu imemlalia begani kama chatu aliyeshiba. Paipu nene, nyeusi, yenye mikunjo. Ile ya kupitisha maji machafu.

"Madam, hiyo unaenda kunyonya nayo nini?" muuzaji alimtania.

"Ukweli," Ivyne akajibu, bila kucheka.

Kaka yake Odero, fundi wa mabomba, alimvuta mkono. "Wacha mdomo. Leo hakuna debeti."

Lakini mdomo ndio aliokuwa nao Ivyne. Chuoni aliwatoa wanaume jasho kwenye midahalo, wakaketi wakijipepea kwa hotuba zao. Alishindwa mahali pamoja tu: nyumbani Ugenya, mbele ya wazee, siku ya kuzika tunda.

Dada yao Jacklyne alikuwa akifanya kazi za nyumba Lavington, kwa tajiri mmoja waliyemwita Bosi Sammy. Bosi alikuwa na gari la kambi, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, na alipenda kulilaza kando ya ziwa Naivasha. Safari moja alimbeba Jacky aende kuwapikia wageni. Akarudi bila yeye. "Aliingia kuogelea, maji yakamchukua," aliwaambia polisi.

Jacky kuogelea! Jacky aliyeogopa hata karai likijaa!

Polisi wakaandika, wakafunga, wakaenda kunywa chai. Mwili haukuonekana.

Kwao, mtu akipotea hivyo huzikwa yago badala yake, lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kama mkono uliokatwa. Wazee walilivika tunda rinda la Jacky la kanisani. Wakalilaza kwenye jeneza. Wakalilia kwa jina lake. Ndipo Ivyne akasimama mbele ya matanga yote.

"Mnafunga kesi kwa tunda? Mnaliita jina la mtu! Na likiitika je?"

Mama alimzaba kofi, mazishi yakaendelea.

Sasa mzee Wahome, mlinzi wa Bosi Sammy, ndiye aliyewapigia. Namba ya Odero alikuwa nayo tangu Jacky alipokuwa akiomba simu yake kupiga nyumbani. Gari linavuja, alisema. Bosi anatafuta fundi, na mafundi wanaingia chini yake na kutoka mbio, wameacha hata spana. Bosi hakuwajua ndugu za Jacky kwa sura. Angewajulia wapi? Hata rambirambi hakuleta.

Wahome alifungua geti kidogo, wakapenya.

"Mkisikia kitu kinaita jina lenu," alinong'ona, "msiitike."

"Kitu gani, mzee?"

Wahome alitazama ukuta. "Mimi nalinda geti tu, mwanangu."

Gari lilikuwa nyuma ya nyumba, mlangoni pa kile chumba alicholala Jacky. Jeupe, refu, mapazia yamefungwa.

Tip... tip... tip...

Harufu ikawapokea. Haikuwa ya choo. Ilikuwa ya matope, ya samaki, na kwa mbali... mafuta ya nywele.

Bosi Sammy alitokea akiburuta kandambili. "Nyinyi ndio mafundi? Sikizeni. Mtoe paipu ya zamani, muweke mpya. Kuna kufuli pale kwenye shingo ya tangi. Hiyo msiguse."

"Kufuli ya nini?" Ivyne akauliza.

"Ya wezi."

"Nani anaiba choo?"

Odero alimkanyaga kidole. Bosi alimkazia macho Ivyne kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wewe ni fundi ama ni wakili?" Akarudi ndani, akaubamiza mlango.

Odero alilala chali, akajisukuma chini ya gari na tochi yake. Ivyne akamfuata kwa magoti. Odero aligonga tangi kwa spana.

Ngo. Ngo.

"Ivy," akanong'ona. "Hii tangi ni kavu."

Tip... tip... tip...

Mahali pa klipu ya chuma palikuwa na kitambaa chekundu, kimezungushwa, kimekazwa kwa kufuli ndogo ya shaba. Odero alishika paipu, akaiachilia upesi.

"Ina joto. Ivy... inapumua."

Alilegeza ule mwisho mwingine. Maji meusi yalimrukia kifuani, na katikati ya maji kikaanguka kitu kizito.

Nywele. Rasta za zambarau, kila ncha na ushanga mweupe. Ivyne alizisuka mwenyewe, usiku kucha, wakicheka.

Zilikuwa bado zimeshikana na ngozi.

"Ivy..."

Sauti ilitoka ndani ya paipu, nyembamba, yenye mapovu.

"Usiitike," Odero alisema, akimshika mkono. "Tafadhali, usiitike."

Ivyne hakulia. Hasira ilikuwa imekausha machozi kabla hayajatoka. Alichukua msumeno wa chuma kwenye begi la kaka yake, akauweka juu ya kufuli.

"Niko hapa, Jacky."

Akakata.

Stima ikapotea Lavington yote.

"Nani amegusa?" Bosi Sammy alitoka akipiga kelele, simu inamulika mkononi. "Nani amegu..."

Hakumaliza. Paipu ilichomoka chini ya gari ikichapa changarawe, ikamdaka mguu, ikamvuta. Kichwa chake kiligonga bamba la nyuma. Tena. Tena. Damu ikachora ule weupe. Paipu ikampanda kifuani, ikamzunguka shingo, ikakaza mkunjo mmoja mmoja.

Ivyne alijikokota nje, simu yake inarekodi. Hiki ndicho alichokuja kutafuta.

"Sema ulichomfanya!"

"Mganga... mganga aliniambia nikifunga nywele zake, roho haitanifuata..."

"Sikuulizi mganga. Jibu swali!"

"Alinikataa!" Macho yalikuwa yanamtoka. "Nilimpiga na sufuria... alikuwa bado anapumua... nilimtupa ziwani akiwa anapumua..."

"Umesikia, Jacky? Amekiri! Basi, mwache, aende kortini!"

Jacky hakutaka korti. Mdomo wa paipu ulipasua midomo ya Bosi Sammy, ukaingia na meno yake. Maji yakaanza kupita. Tumbo likavimba, likavimba, vifungo vya shati vikaruka. Odero aliirukia paipu aivute. Ilimpiga dafrau moja, mkono wake ukavunjika kama muwa.

Kisha kitu ndani ya Bosi Sammy kikapasuka.

Paipu ililegea, ikatambaa hadi miguuni pa Ivyne kama mbwa aliyechoka.

"Jacky," Ivyne alisema. "Tumekuja kukuchukua. Twende nyumbani."

Mapovu. Kisha, pole pole:

"Nyumbani... nani amelala mahali pangu?"

Wahome alifungua geti bila kuuliza swali. Aliwatafutia teksi, akamlaza Odero kiti cha nyuma, akageuka asione kile Ivyne alichofunika kwa ovaroli na kupakata. Walipofika Kilimani, Odero akiguna kwa kila shimo, Ivyne alisikiliza alichorekodi. Tip... tip... tip. Hakuna kingine.

Simu ikaita. Mama.

"Ivy!" Alikuwa akinong'ona, analia na kucheka pamoja. "Wazee walikosea, mwanangu! Jacky amekuja!"

Ivyne aliibana simu sikioni.

"Stima imepotea huku, nikasikia hodi. Nimefungua, ni yeye. Na rinda lake la kanisa. Ana udongo kichwani, maskini. Na vile amekuwa mzito! Kiti kimevunjika. Haongei, lakini nimemwita jina, ameitika."

Mapajani pake, paipu ilijizungusha kwenye mkono wake. Baridi.

"Ivy... mwambie mama atoke."

"Mama, toka nje! Toka sasa hivi!"

"Nitoke niende wapi? Nampakulia mtoto chakula."

Sahani ikaanguka. Mama alisema "Jacky?" mara moja, kwa mshangao, kama mtu aliyekanyagwa na mtu anayempenda. Halafu kishindo, kile cha tunda kubwa linapoanguka kutoka juu mtini. Kikarudiwa. Kikarudiwa tena, juu ya kitu kilaini.

"Mama?"

Simu haikukatika. Mtu aliiokota. Akapumua, pumzi nzito, kavu, yenye udongo.

"I... vy," kile kitu kikasema, kama kinachojifunza jina.

Naye Ivyne, ambaye hakuwahi kukosa jibu, aliziba mdomo wake kwa kiganja na kuuma mpaka damu ikatoka, asije akaitika.