Nilimwonea Haya Mkwe, Nikampoteza Zaina

Nina miaka hamsini na nne, mjane, mkulima wa karoti na kabichi katika kijiji kimoja juu kabisa milimani, njia ya kwenda Mtae. Kwa miaka tisa nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Nasema nilikuwa, maana hakuna tena anayeniita hivyo, na hata wakiniita siitiki.

Haya sijamsimulia hata dada yangu yote. Someni kwanza, kisha mnihukumu...

Mungu alinijalia mtoto mmoja tu, Zaina. Alisomea ualimu wa chekechea, akaolewa na Idrisa, kijana aliyekuwa akipanda gulioni kwetu kununua mboga na kuzishusha mjini Mombo. Mpole, mchapakazi, msikitini hakosi. Nilishukuru jamani! Wakahamia kusini, pwani. Mara nikasikia Zaina ameacha kufundisha. Mara simu anashika mumewe. Nikajisemea, ndiyo ndoa hiyo.

Masika iliyopita walirudi, na wanaume watatu nyuma yao. Idrisa alimtuma Zaina aniambie kwamba ni jamaa zake, wanatafuta mashamba ya viazi. Wote wakafikia kwangu.

Kwa msio wa huku, niwaeleze. Katika malezi yangu, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaoneana haya. Akiingia sebuleni, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Simtazami usoni, simuulizi anatoka wapi wala anakwenda wapi. Nilijisifu sana kwa kuijua heshima hiyo.

Lakini balozi naye ana kazi yake. Mgeni akilala katika nyumba zako unamwandika daftarini, jina, atokako na shughuli yake, na daftari linakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Nimeandika mashemeji wa watu. Nimeandika hadi bibi kizee aliyekuja msibani na fimbo yake! Wageni wangu mwenyewe sikuwaandika.

Wanaume wale walikuwa wakitoka asubuhi na mchele na chumvi, wanaelekea msituni. Msikitini hawakuswali nasi. Sheikh wetu, mzee wa watu, alinijia amenywea. Walikuwa wamemwambia usoni kwamba yeye si Mwislamu, eti kwa sababu amekula pilau kwenye harusi ya Walutheri. Akanisihi niwaulize ni watu gani. Nikamjibu, nitamuulizaje mkwe?

Hoza, mgambo wa kijiji na jirani yangu, naye akapita.

"Shikamoo mama. Wageni umeshawaandika?"

"Marahaba mwanangu. Hao si wageni, ni wa nyumbani."

Akacheka, akaenda zake. Aliniamini...

Siku ya kumi na mbili tangu wafike tulikuwa mtoni, mimi na Zaina, tunaosha karoti za gulio. Akasema kwa Kishambaa, taratibu, bila kuinua kichwa, "Mama, waandike. Waandike wote, na mimi uniandike."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi siwezi kusema. Wewe waandike tu."

Nilikasirika jamani! Nilimwambia anataka kunivua nguo mbele ya mumewe. Akaendelea kuosha karoti. Hakuniomba tena.

Siku nne baadaye wanawake waliokwenda kuokota kuni wakakuta mahema msituni, na bunduki. Mtendaji akawapigia polisi. Gari lao ni moja kwa tarafa nzima, na mvua ilikuwa imekata barabara. Ikabidi Hoza na wenzake wawili watumwe kulinda njia wakati gari linasubiriwa. Walikwenda na marungu. Marungu, mbele ya bunduki!

Hoza alipigwa risasi saa nne asubuhi. Ameacha mke na watoto watatu. Gari lilifika alasiri, Idrisa na watu wake wameshateremka bondeni, na Zaina hayupo.

Alibebwa kwa nguvu? Alikwenda kwa miguu yake? Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba pale mtoni alikuwa ananiomba nimwokoe, nami nikaona aibu.

Askari walikaa kwetu wiki nyingi. Msitu ukafungwa, gulio likafungwa, kabichi za kijiji kizima zikaozea shambani. Hakuna aliyenitukana. Mke wa Hoza bado ananiamkia shikamoo kila tukikutana.

Picha ya Zaina nimeipeleka polisi mimi mwenyewe. Nikasema yote, hata ya mtoni. Ndugu wakanishangaa, mama gani anamshtaki mwanawe? Mwezi mmoja baadaye simu ikaita, namba nisiyoijua. "Mama, niko hai. Usinitafute." Ikakatika. Ile namba nayo nikaipeleka polisi, huku nalia.

Wazazi wenzangu, nawapigia magoti. Muulizeni mkwe. Muulizeni mtoto, muulizeni shemeji, hata kama mila inawakataza. Atanuna? Anune! Watasema huna haya? Waache waseme. Mimi nilikuwa nazo haya nyingi, na mtoto sina.

Na wewe Zaina, kama kuna mtu atakufikishia haya, rudi mwanangu. Rudi hata na pingu mikononi. Nitakuja kukuona huko watakakokuweka, na chochote utakachoniambia, nitakisikiliza.